Tope Sumu Lisilo na Sumu: kwa nini mtaalamu na mwanakijiji hawaogopi kitu kimoja mgodini

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na kuanza kunuka. Samaki wakaelea matumbo juu, sehemu za chini za mto kuelekea daraja la Kirumi, pale unapokaribia kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Wananchi wakakatazwa kwa muda kutumia maji na samaki wa mto huo, waziri mwenye dhamana ya mazingira akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na haukupita muda kamati ikarudi na jibu. Mkosaji alikuwa ng'ombe.

Kamati ilieleza kwamba ng'ombe zaidi ya 300,000 waliolishwa kwenye bonde la mto walikuwa wameacha humo, kwa miezi minane, tani milioni 1.8 za kinyesi na lita bilioni 1.5 za mkojo. Mvua zikasukuma uchafu huo mtoni pamoja na majani yaliyooza, oksijeni ikaisha majini, samaki wakakosa hewa. Ukizigawanya zile tani kwa idadi ya ng'ombe na siku zenyewe, unapata kama kilo 25 kwa ng'ombe mmoja kila siku. Ni makadirio ya mezani. Hakuna aliyezunguka malishoni na mizani.

Nchi ilicheka. Utani ulizunguka kwenye simu, na ndani ya utani huo lilikuwamo swali moja ambalo ukiwa mkweli hulipuuzi: ng'ombe wako Mara tangu enzi za mababu, mbona samaki hawakuwa wakifa hivi?

Swali hilo halikuzuka siku hiyo. Juu ya mto, Nyamongo wilayani Tarime, kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia Mto Tigithe, ambao ni mkono wa Mto Mara. Wanakijiji walisema watu na mifugo walikufa. Kampuni ilikiri kuvuja, ikakataa kwamba maji hayo ndiyo yaliyoua. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la tope sumu, yaani la kuhifadhi mabaki ya uchenjuaji, lililokuwa likivujisha. Sasa miaka mitatu baada ya faini hiyo mto unageuka mweusi, na mtu anakuja kukwambia ni mavi ya ng'ombe. Ungeamini?

Lakini jibu la kamati halikuwa kichekesho kama lilivyosikika. Mto huohuo, upande wa Kenya ndani ya Masai Mara, watafiti walishaona samaki wakifa kwa kinyesi, tena bila mgodi wowote kuhusika. Viboko wapatao 4,000 wanalala majini mchana kutwa na kuacha humo kila siku kama kilo 8,500 za majani waliyoyala usiku. Uchafu unatulia chini ya madimbwi yao, vijidudu vinaula na kumaliza oksijeni, na mvua ikija juu lile tope jeusi linafagiwa lote kwa pamoja kwenda chini. Utafiti uliotoka mwaka 2018 ulihesabu, katika miaka mitatu, mafuriko 49 yaliyoshusha oksijeni ya mto. 13 kati yake yaliishusha hadi kiwango ambacho samaki hawawezi kuvumilia. Maji meusi, harufu, samaki wameelea. Ni picha ileile ya Kirumi.

Sijaleta hayo ili nihukumu kesi ya 2022. Nimeyaleta kwa sababu yanaonyesha jambo linalojirudia kila penye mgodi, kuanzia Nyamongo hadi Nigeria: mtaalamu na mkazi wanabishana kwa sauti kubwa, na ukisikiliza vizuri unagundua kila mmoja anajibu swali lake. Mtaalamu ameulizwa maji haya yana nini na kwa kiasi gani. Mkazi anajiuliza nani amefanya hivi, atafanya tena lini, na huyu anayeniambia nisiogope amelipwa na nani. Karatasi ya maabara inajibu swali la kwanza. Haiwezi kugusa yale mengine hata ikipigwa mihuri mitatu.

Wengi wa upande wa wataalamu wana maelezo mepesi: wananchi hawana elimu, wapewe semina. Mimi naona maelezo hayo yanakwama mapema sana, na ukitaka kujua yanakwamia wapi, achana na mgodi mkubwa kwa muda, twende kwa wachimbaji wadogo.

Ingia mwalo wowote, yaani eneo la kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, kati ya Geita na Kahama. Karasha zinasaga mawe tangu alfajiri, vumbi jeupe limetulia kwenye kope za watu. Unga wa mawe unapitishwa na maji kwenye ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, na kilichonasa kwenye gunia kinakung'utiwa kwenye karai. Kijana anatoa kichupa kidogo mfukoni, anadondosha zebaki. Inakimbia huku na huku kama ushanga ulio hai. Anaivuruga kwa mikono mitupu hadi ikamate dhahabu, anaimimina kwenye kitambaa, anakamua. Kinabaki kidonge cha kijivu, kigumu kiasi, ukubwa wa punje ya mahindi. Kinawekwa kwenye kijiko juu ya mkaa, mara nyingine nyuma ya nyumba, kwenye jiko lilelile la chai. Wao wanaita kuchoma dhahabu. Baada ya muda kidogo ule ukijivu unaondoka, rangi ya manjano inatokea, na wenzake wote wameinama kutazama. Hatua mbili pembeni mama anauza maandazi. Hakuna aliyesogea.

Mtaalamu wa afya akitazama picha hiyo anashikwa na baridi, ila si kwa sababu ya mikono. Zebaki ya majimaji ukiimeza, tumbo halichukui karibu chochote. Mvuke wake ndio balaa: ukiuvuta, karibu asilimia 80 unabaki mwilini. Hauna harufu, hauwashi macho, hauna rangi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na moto wa mkaa unafika huko bila shida. Kwa hiyo glavu, ambazo ndizo kila mradi unaanza kuzigawa, zinalinda sehemu ambayo haiko hatarini zaidi, na mama wa maandazi ambaye hajaigusa zebaki maisha yake yote anaivuta kila mchana. Kilichopanda angani kinatua udongoni na majini, kinageuzwa na vijidudu kuwa aina nyingine kali zaidi inayoingia kwenye samaki, na samaki anaishia kwenye sahani ya mtu ambaye hata hajui mwalo uko wapi.

Kijana mwenyewe anaogopa nini? Muulize. Atakwambia anaogopa duara, yaani shimo la kuchimbia, kuporomoka. Anaogopa mvua kubwa wenzake wakiwa chini. Anaogopa kukosa hewa, matimba (magogo yanayoshikilia kuta za shimo) kuoza, kamba kukatika. Na yuko sahihi kabisa, maana hayo yanaua leo, mbele ya macho, na kila mchimbaji ana jina la mtu. Zebaki haimwagi damu. Inaleta mikono inayotetemeka, usahaulifu, hasira za ghafla, figo zinazochoka, baada ya miaka. Mikono ikitetemeka mtaani, watu wanasema pombe. Usahaulifu ni uzee. Na kama alikuwa amepata hela karibuni, wapo watakaosema kuna jirani kafanya jambo.

Jioni kijana huyohuyo ukimkuta kijiweni atakwambia, bila kusitasita, kwamba maji yanayotoka mgodi mkubwa ni sumu na yanaua mifugo. Mtu anayeshika zebaki kwa mikono anaogopa mto ambao vipimo vyake huenda viko chini ya kiwango. Hapo ndipo mtaalamu anapotupa kalamu.

Asiitupe. Mwaka 1969 mhandisi wa Marekani, Chauncey Starr, alipiga hesabu ya hatari ambazo watu wanakubali kuishi nazo, akaona kwamba hatari anayojichagulia mtu mwenyewe inakubalika karibu mara elfu moja kuliko ile anayobebeshwa. Namba yake ilibishaniwa sana, lakini wazo lilibaki. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Paul Slovic akaongezea kwamba watu wa kawaida wanapopima hatari hawahesabu vifo tu. Wanaangalia kama jambo linatisha, kama linajulikana, kama wanaweza kulidhibiti, kama litawafikia watoto wao, na kama wanaopata faida ndio haohao wanaopata madhara. Zebaki ya kijana wetu inapita karibu kila kizingiti hapo: ameichagua, ameizoea, anaidhibiti (au anadhani anaidhibiti), na dhahabu inayotoka ni yake. Bwawa la kampuni linaanguka kila kizingiti. Limefungwa kwa uzio, lina mlinzi, alilijua siku lilipovuja, na faida yake inapanda ndege.

Hilo si kosa la hesabu. Ni hesabu nyingine, yenye vitu ambavyo ya mtaalamu imeviacha nje. Na mtaalamu naye, kwa siri, anaifanya hiyohiyo. Wangapi wanaoandika ripoti za usalama mgodini wanaendeshwa kwa spidi 120 usiku kurudi Mwanza?

Kuna sababu ya pili ambayo semina haiigusi. Kuna chombo kiitwacho retoti, chungu kidogo chenye mfuniko na bomba, kinachonasa mvuke wa zebaki ili urudi kuwa zebaki tena. Miradi imekipeleka kwenye machimbo mengi, na mara nyingi ukirudi baada ya muda unakikuta kimetelekezwa kwenye kona ya banda. Si kwa ujinga. Retoti inachukua muda kuliko kijiko. Inafanya kazi imefungwa, na pale wamesimama mwenye duara, mwenye karasha na wachimbaji wanne, kila mmoja anasubiri mgao wake. Nani atakubali dhahabu iingie kwenye chungu chenye mfuniko? Zaidi ya hapo, dhahabu wakati mwingine inatoka na rangi ya kufifia, mnunuzi anaipunja bei. Hatari ya kuibiwa leo imeishinda hatari ya figo za mwaka 2040, na kwa mtu mwenye watoto wanne sijui kama ningeamua tofauti.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unataja kwa jina mambo manne mabaya zaidi ya kukomeshwa: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchomea hadharani, kuchomea kwenye makazi, na la nne ambalo ni nadra kulisikia likitajwa kijiweni, kuchenjua kwa sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, mchanga ambao tayari ulishapitia zebaki bila kwanza kuiondoa zebaki hiyo. Mchanga huo wachimbaji wanauita marudio. Unauzwa kwa lori kwa wenye mitambo ya sianidi, wanakamua dhahabu iliyobaki. Sianidi inaiyeyusha zebaki iliyolala humo na kuisaidia kusafiri. Hapa mtaalamu anaona kitu ambacho jicho la mkazi haliwezi kukiona hata liwe kali vipi.

Na zipo nyakati ambapo bila maabara watu wangeendelea kuzika. Jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010 watoto wadogo walianza kufa kwa degedege. Kila mtu alidhani malaria, na kijijini nani angedhani vingine? Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipopima damu lilikuta madini ya risasi kwa kiwango cha kutisha. Mawe ya dhahabu ya huko yana risasi nyingi. Watu walikuwa wakiyasaga kwa mashine za kusagia nafaka, uani, na vumbi likatanda kwenye sakafu wanazotambaa watoto. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wamekutana na adui asiye na dalili yoyote waliyoijua.

Ila ukitaka kisa cha upande wa pili, kipo, na kinafanana na Mto Mara kuliko inavyotarajiwa. Mwaka 1986, baada ya ajali ya Chernobyl, mvua ilishusha mionzi kwenye vilima vya Cumbria, Uingereza. Wafugaji wa kondoo wakazuiwa kuuza mifugo yao, wakaambiwa na wanasayansi kwamba ni suala la wiki tatu tu. Wiki zikageuka miaka. Mashamba ya mwisho yalifunguliwa mwaka 2012. Wanasayansi walikuwa wametumia hesabu za udongo wa mfinyanzi, ambao hushika sesiamu, madini yenye mionzi yaliyotoka kwenye ajali, ikabaki pale; vilima vya Cumbria vina udongo mweusi wa mboji wenye asidi, ambao huiachia irudi kwenye majani mwaka baada ya mwaka. Wafugaji walikuwa wakiujua udongo wao na tabia za kondoo wao, ila walichokijua hakikuingia kwenye hesabu. Na jambo la kunogesha: jirani yao pale ni kiwanda cha nyuklia cha Sellafield, kilichowahi kuungua mwaka 1957. Wafugaji wengi hawakuamini kwamba mionzi imetoka Chernobyl. Walinyoosha kidole kwa jirani. Mwanasosholojia Brian Wynne, aliyewafuatilia, alionyesha kwamba shaka yao ilijengwa juu ya miaka mingi ya kufichwa mambo.

Turudi kwetu, maana kuna mtego mwingine ambao umewekwa na lugha yenyewe. Wahandisi wana jina lao la uchafu unaobaki baada ya kuchenjua. Kwao ni mabaki tu. Kiswahili cha serikali kimeliita tope sumu, na bwawa lake ni bwawa la tope sumu, hata kwenye taarifa ya habari. Halafu ofisa anasimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema, "Ndugu zangu, msiwe na wasiwasi, tope sumu hili ni salama." Binadamu yeyote mwenye masikio atanuna.

Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka na matope yakaingia kwenye makazi na mashamba. Almasi haichenjuliwi kwa sianidi wala zebaki; inatenganishwa na mawe kwa uzito na mashine. Lakini jina lilishasema sumu, kwa hiyo swali la kwanza kwa watu wengi lilikuwa sumu ipo kiasi gani, wakati maafa yenyewe yalikuwa ya aina rahisi kabisa kuyaelewa: ukuta ulishindwa kubeba uzito, matope yakafunika nyumba na mashamba. Kwenye mabwawa mengi duniani hilo ndilo la kuogopa kwanza.

Neno sumu lenyewe lina maana mbili. Kwa mkemia sumu ni kiasi. Chumvi nayo ikizidi inaua. Kwa mama anayechota maji, sumu ni sumu, ipo au haipo. Na mkemia asijione mjanja sana, kwa sababu kiwango chake nacho huhama. Hadi mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilikubali mikrogramu 50 za aseniki, sumu ya asili inayopatikana kwenye miamba, kwa lita ya maji ya kunywa. Mwaka huo likashusha hadi 10. Maji hayakubadilika usiku mmoja. Aliyeambiwa mwaka 1992 kwamba kisima chake ni salama aliambiwa ukweli wa wakati huo. Aseniki pia inakaa kwenye miamba ya dhahabu yenyewe, hivyo ikikutwa kwenye kisima cha Geita au Tarime, kampuni itasema ilikuwemo tangu uumbaji. Huenda. Angejua nani, kama hakuna aliyepima kabla mgodi haujaanza? Ukinikalisha nichague kitu kimoja cha kulazimisha kwa kila mgodi mpya, ni hicho: chupa za maji zilizojazwa mbele ya kijiji kizima kabla tingatinga la kwanza halijashuka kwenye lori.

Kuhusu chupa hizo, kuna jambo ambalo wakazi wa kando ya mito hulisema vizuri kuliko ripoti nyingi: mto hausubiri. Mtaalamu anafika Jumatano saa nne asubuhi, anachota, anaweka kwenye barafu, anaondoka. Kilichopita Jumamosi saa nane usiku kimeshafika ziwani. Karatasi yake inasema kweli kuhusu Jumatano. Aliyeuona mto Jumamosi anasema kweli kuhusu Jumamosi. Kila mmoja akirudi nyumbani anaamini mwenzake ni mwongo.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo, kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa, chini ya mwembe. Matokeo yalikuwa yamebandikwa kwenye mbao ya ofisi ya kijiji, kwa Kiingereza, safu ndefu ya namba zenye alama ya "chini ya" mbele yake. Binti aliyetumwa kuyaeleza alikuwa mvumilivu, alieleza moja baada ya lingine kwa nusu saa. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea baiskeli alinyoosha mkono.

"Mwanangu, nimekusikia. Sasa ng'ombe niwapeleke mtoni, au nisiwapeleke?"

Binti aliangalia karatasi, akaikunja. "Kwa sasa wanakunywa wapi, mzee?"

"Hapohapo mtoni. Kwani pengine ni wapi?"